Karatasi ya Maabara Haisemi Yote: Mwongozo wa Moyo kwa Wafanyakazi wa Kakamega

Mwongozo huu unamlenga mtu anayefanya kazi Kakamega na viunga vyake: karani wa ofisi za kaunti, mwalimu, dereva wa matatu, mwendeshaji wa bodaboda, mlinzi wa usiku, fundi wa mitambo kiwandani, mama anayeketi nyuma ya meza yake sokoni tangu alfajiri. Unamhusu hasa yule aliyepita umri wa miaka 35, akaota kitambi, akaambiwa presha yake imepanda kidogo, kisha akapimwa kolesteroli na kuambiwa iko sawa. Ni hilo jibu la mwisho ambalo halifai kumlaza mtu usingizi. Mwenye kitambi, presha na sukari inayopanda anaweza kuwa na kolesteroli inayosomeka vizuri kwenye karatasi huku mishipa yake ya moyo ikizidi kuharibika.

Mwongozo hauchukui nafasi ya daktari. Unakusaidia kujua upimwe nini, usome vipi karatasi utakayopewa, na pesa zako chache uzielekeze wapi.

Vitu vitano, vitatu vinatosha

Hali tunayoizungumzia huitwa sindromu ya metaboli. Si ugonjwa mmoja. Ni mkusanyiko wa kasoro ambazo hupenda kuandamana kwa sababu chanzo chake ni kimoja: mwili umeacha kuitii insulini ipasavyo. Mwaka wa 2009 mashirika makubwa ya moyo na kisukari duniani yaliafikiana kwamba mtu anayo ikiwa ana mambo yoyote matatu kati ya matano. La kwanza ni kiuno kipana. La pili ni presha ya 130 kwa 85 au zaidi, au kuwa tayari kwenye dawa za presha. La tatu ni sukari ya 5.6 au zaidi kabla ya kula chochote asubuhi. La nne ni trigliseridi, yaani mafuta ya kawaida yanayosafiri kwenye damu, za 1.7 au zaidi. La tano ni HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri, iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au chini ya 1.3 kwa mwanamke. Vipimo vya damu hapa vyote ni vya milimoli kwa lita.

Angalia kwamba matatu ya kwanza hayahitaji maabara. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka vijijini na mitaani wamekuwa wakigawiwa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari cha kutoboa kidole. Kiuno unakipima mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa Shinyalu au Navakholo anaweza kujua kama ana hali hii bila kulipa nauli ya kuja mjini. Bado wengi hawajui. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uligundua kwamba asilimia 56 ya Wakenya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja.

Kiuno hupimwa kwa tepu ya fundi wa nguo. Vua shati au pandisha blauzi, maana nguo nene huongeza sentimita mbili tatu. Tafuta kwa kidole ubavu wa chini kabisa, kisha mfupa wa nyonga kwa juu. Tepu ipite katikati ya hivyo viwili, iwe sawa mbele na nyuma, igusane na ngozi bila kubana. Toa pumzi kwa kawaida, usijikaze tumbo, ndipo usome. Saizi ya suruali si kipimo, kwa sababu wanaume wengi wenye kitambi hufunga mshipi chini ya tumbo na kuvaa saizi ileile waliyovaa wakiwa vijana.

Kikomo kinachotumika ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Viwango hivyo vilitokana na Wazungu, tukavikwa sisi kwa kuwa takwimu za Kiafrika zilikuwa haba. Mwanamume wa sentimita 88 mwenye presha asijipongeze.

Kuna kasoro nyingine katika ile orodha ya mambo matano. Tafiti nyingi kwa watu wenye asili ya Kiafrika zimeonyesha kwamba trigliseridi zetu mara nyingi hubaki chini hata pale insulini inapokuwa imeshindwa kazi. Trigliseridi ndogo kwenye karatasi yako, basi, si cheti cha usalama. Zikiwa juu, hapo zinasema kitu kizito zaidi.

Hesabu chembe

Kolesteroli ni mafuta, na damu ni maji, kwa hiyo haiwezi kusafiri peke yake. Ini huifunga ndani ya chembe ndogo za mviringo zenye ganda la protini. Chembe zinazoweza kupenya ukuta wa mshipa na kunasa humo, LDL na ndugu zake, kila moja hubeba protini moja tu iitwayo apoB. Ukihesabu apoB umehesabu chembe. Kipimo cha kawaida cha LDL hakihesabu. Hukisia kiasi cha kolesteroli iliyomo ndani ya chembe zote zikijumlishwa.

Mfano wake ni mzani wa kiwanda cha sukari. Mzani husoma tani za miwa. Tani 40 zinaweza kuletwa na matrela machache makubwa au na msururu wa mikokoteni, na mzani utaandika namba ileile. Lakini kwenye barabara ya matope ya kutoka shambani tani si hoja: kila chombo kinachopita ni nafasi moja zaidi ya kukwama.

Katika sindromu ya metaboli ndivyo inavyokuwa. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka utumbo na ini, humwaga asidi za mafuta moja kwa moja kwenye ini. Ini, likiwa haliitii tena insulini na likiongezewa sukari ya chai na soda, hutengeneza chembe nyingi kubwa zilizojaa trigliseridi. Chembe hizo zikiwa kwenye damu hubadilishana mizigo na LDL na HDL: zinawapa trigliseridi, zinachukua kolesteroli. LDL iliyopewa trigliseridi hupunguzwa na vimeng'enya hadi iwe ndogo na nzito. HDL nayo hupungua na kutolewa mwilini haraka. Mwisho wake mtu anabaki na LDL nyingi ndogondogo, kila moja ikiwa na kolesteroli kidogo. Jumla ya kolesteroli inaonekana ya kawaida ilhali idadi ya chembe iko juu.

Kipimo cha apoB kipo, lakini si kila maabara inakifanya, na bei yake si ya kila mtu. Bahati nzuri kuna hesabu ya kutoa ambayo mtoto wa darasa la nne anaiweza: chukua kolesteroli yote, ondoa HDL. Kinachobaki ni kolesteroli iliyo ndani ya chembe zote hatari, siyo LDL peke yake, na huenda sambamba na idadi ya chembe vizuri kuliko LDL.

Chukua karatasi mbili za kubuni. Ya kwanza ni ya karani: kolesteroli yote 4.9, HDL 0.8, trigliseridi 2.6, LDL 2.9. Ya pili ni ya mwenzake anayekaa meza ya pili: kolesteroli yote 4.7, HDL 1.4, trigliseridi 0.9, LDL 2.9. Mwenye haraka atatazama LDL na kuwaambia wote wawili warudi kazini. Fanya hesabu ya kutoa: karani ana 4.1, mwenzake ana 3.3. Miongozo ya Ulaya ya mwaka wa 2019 inataka namba hiyo iwe chini ya 3.4 kwa mtu mwenye hatari ya wastani, chini ya 2.6 kwa mwenye hatari kubwa, na chini ya 2.2 kwa aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi. Karani amevuka hata kile kikomo cha juu. Mwenzake, ikiwa hana presha wala sukari, hajakivuka.

Hiyo LDL yenyewe mara nyingi haipimwi. Hukokotolewa kwa fomula ya Friedewald ya mwaka wa 1972, ambayo hutoa HDL na sehemu ya trigliseridi kutoka kwenye jumla. Trigliseridi zikipita 4.5 fomula haifai kabisa, na hata kabla ya hapo huanza kuyumba. Yaani kipimo kinachoaminiwa kuliko vyote hukosea zaidi kwa watu walewale wanaokihitaji zaidi.

Ukienda hospitali au kliniki, sema wazi: "Daktari, naomba unitolee HDL kwenye jumla, uone niko wapi." Hakuna daktari wala afisa wa kliniki atakayeudhika kwa swali hilo. Omba pia nakala ya karatasi, siyo kuambiwa tu kwa mdomo. Ukiona namba kama 190 badala ya 4.9, usishtuke, maabara hiyo inatumia miligramu. Gawanya kolesteroli kwa 38.7 na trigliseridi kwa 88.6, utapata milimoli.

Kwa kipimo cha kolesteroli si lazima ulale na njaa. Kwa sukari ya asubuhi ni lazima, na kikombe cha chai ya maziwa ni chakula, hata kama ulikunywa kidogo tu ili upate nguvu ya kupiga foleni.

Malaria huvuruga vipimo

Hapa miongozo ya ng'ambo inatuacha njiani. Kakamega ni nchi ya malaria mwaka mzima. Malaria ikiwa kwenye damu hushusha kolesteroli yote, LDL na HDL, na kupandisha trigliseridi. Aliyepimwa siku alipokwenda kutibiwa homa amepimwa malaria mara mbili. Subiri wiki kadhaa baada ya kupona.

Vilevile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, hutegemea chembe nyekundu za damu. Magharibi mwa Kenya watu wengi wana vinasaba vya selimundu bila kuugua, na wengine wana upungufu wa damu. Kwao HbA1c inaweza kusoma chini au juu ya ukweli. Ikiwa ukoo wenu una selimundu, mwambie daktari kabla hajaiamini namba hiyo. Sukari ya asubuhi inaweza kuwa shahidi bora.

Uvimbe usioonekana

Chembe ya apoB ikinasa ndani ya ukuta wa mshipa huoza polepole. Askari wa kinga ya mwili huja kuimeza, hushiba mafuta, hufa hapohapo, na kuita wengine. Huo ndio uvimbe wa ndani: hauumi, hauonekani, na unaweza kuendelea miaka ishirini. Utando unaojengeka humo ukipasuka, damu huganda juu yake ndani ya dakika chache na mshipa huziba. Shambulio la moyo kwa kawaida huanza hivyo. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza mpira Jumamosi na kuanguka Jumatatu.

Mafuta ya tumboni huchochea jambo hili kwa njia ya pili. Hutoa kemikali za kuamsha kinga, nazo huliambia ini litengeneze protini iitwayo CRP. Kipimo cha CRP chenye unyeti mkubwa husomwa hivi, kwa miligramu kwa lita: chini ya 1 hatari ni ndogo, kati ya 1 na 3 ni ya wastani, zaidi ya 3 ni kubwa.

Je, uvimbe huo ni chanzo au ni moshi tu? Mwaka wa 2008 utafiti wa JUPITER uliwapa watu wapatao 17,800 dawa ya rosuvastatini au kidonge kisicho na dawa. Wote walikuwa na LDL ya chini ya 3.4 na CRP ya 2 au zaidi. Waliopewa dawa walipungukiwa na mashambulio ya moyo, viharusi na matukio yanayofanana nayo kwa asilimia 44, ingawa utafiti ulisimamishwa mapema na tafiti za namna hiyo huelekea kutia chumvi. Tena statini, jamii ya dawa ambayo rosuvastatini ni mojawapo, hupunguza chembe na CRP kwa pamoja, kwa hiyo swali lilibaki. Mwaka wa 2017 utafiti wa CANTOS ulitumia sindano inayozima kemikali moja ya uvimbe bila kugusa kolesteroli, na matukio yalipungua kwa takriban asilimia 15. Kwa hiyo uvimbe una mkono wake. Lakini methotreksati ya kiwango kidogo ilipojaribiwa, matokeo yakatoka 2018, haikusaidia lolote. Si kila dawa ya kuzima uvimbe inaulinda moyo. Vidonge vya maumivu vinavyouzwa dukani, kama diklofenaki na ibuprofeni, vikitumiwa mara kwa mara hupandisha presha na hatari ya moyo. Anayevimeza kila jioni kwa sababu ya mgongo anajidhuru.

Sasa, je, mfanyakazi wa Kakamega alipe pesa apimwe CRP? Maoni yangu ni hapana, isipokuwa daktari ana sababu maalumu. CRP hupanda kwa malaria, kwa jino bovu, kwa kidonda cha mguu, kwa mafua. Ikisoma zaidi ya 10, karibu kila mara ni maambukizi, na itabidi upimwe tena. Katika mazingira yetu namba hiyo itakupa wasiwasi zaidi kuliko habari. Pesa hizo zinunulie viatu vya kutembelea, au uzitumie kung'oa au kuziba lile jino, maana fizi zinazotoa usaha nazo ni uvimbe wa kudumu.

Sigara haina mjadala. Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha nao huchochea uvimbe, na anayeuvuta zaidi ni mama anayepika, si mzee anayekula. Mlinzi wa usiku, muuguzi na fundi wa zamu za kiwandani wako hatarini zaidi kwa sababu usingizi mfupi na kula usiku wa manane huvuruga insulini. Ukiwa wa zamu, kula chakula chako kikubwa kabla ya kuingia kazini, beba njugu au tunda la saa nane za usiku, na ukirudi funga mapazia ulale kwa muda wa saa saba bila simu.

Hali hii si ya ukoo wetu

Wapo wanaosema presha na sukari ni mambo ya ukoo, basi hakuna la kufanya. Historia ya eneo hili inawapinga. Mwaka wa 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, yaani Kisii na jirani zake, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya presha vya wenyeji wapatao 1,000. Presha yao haikupanda kwa umri jinsi ilivyopanda kwa Wazungu, na katika miaka miwili ya kulaza wagonjwa wapatao 1,800 hakuandika hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwao kandokando ya ziwa na kuhamia Nairobi. Presha zao zilianza kupanda ndani ya miezi michache tu. Mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu kidogo, na uzito ulikuwa umeongezeka. Damu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni sahani na mwendo.

Kisha kuna utafiti wa INTERHEART, uliohusisha nchi 52, Kenya ikiwamo. Katika sehemu yake ya Afrika, iliyochapishwa 2005, mambo matano yalieleza karibu asilimia 90 ya hatari ya shambulio la kwanza la moyo: sigara, kisukari, presha, kitambi, na uwiano wa apoB na protini ya HDL. Kwa Waafrika weusi presha ilikuwa na uzito wa pekee. Kama una nguvu ya kushughulikia jambo moja tu mwaka huu, anza na presha.

Sahani, kikombe na miguu

Kaunti inayokuza miwa haioni sukari kuwa kitu cha kuogopa, na chai isiyo tamu huonekana ni ukosefu wa heshima kwa mgeni. Lakini piga hesabu. Kijiko cha chai ni gramu nne hivi. Vijiko vitatu katika kila kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni karibu gramu 50, kabla hujaonja soda ya matangani wala kutafuna muwa. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isipite kiasi hicho kwa siku, na ikiwezekana iwe nusu yake. Sukari ndiyo malighafi ambayo ini hutengenezea trigliseridi. Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi huzoea. Busaa na chang'aa hufanya kazi ileile kwenye ini na kupandisha presha juu yake.

Ugali hauna haja ya kufukuzwa mezani, ila mlima wake upungue. Nusu ya sahani iwe mboga, na hapa Kakamega hatuna kisingizio: mrenda, kunde, saga na mitoo zinaota nyuma ya nyumba. Tatizo liko kwenye mapishi. Magadi yanayolainisha mboga ni sodiamu, sawa na chumvi, na mwenye presha anayejisifu kwamba hatii chumvi mezani huenda anaimeza kwenye mrenda. Chumvi yote kwa siku isizidi gramu tano, kijiko kimoja cha chai. Mafuta ya mgando na yale ya kupimiwa yaliyokaangia chipsi mara nyingi yaachiwe watu wasiopenda mioyo yao. Tumia mafuta ya alizeti kidogo. Maharagwe, ndengu, omena, njugu na simsim zisitazamwe kama chakula cha asiye na pesa; parachichi nalo usiwauzie wachuuzi lote. Kuku wa kienyeji ni mzuri. Supu yake ikipoa, engua ule utando wa mafuta ulioganda juu, na ngozi mwachie paka.

Mwendeshaji wa bodaboda hurudi nyumbani amechoka kabisa, naye huamini kwamba amefanya mazoezi. Hakufanya, ameketi siku nzima. Mkata miwa hahitaji ushauri huu, msimamizi wake anauhitaji. Lengo ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka kiasi cha kuongea kwa taabu kidogo bila kukatika pumzi. Shuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya chako. Baada ya mlo mzito tembea dakika kumi au kumi na tano, kwa sababu msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapodharauliwa. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo tano au sita ataona tofauti kwenye presha, sukari na trigliseridi kabla hata majirani hawajaona tofauti kwenye kitambi.

Dawa

Statini hulifanya ini livute chembe za LDL kutoka kwenye damu. Miongozo mingi ya kimataifa inashauri mwenye kisukari aliyepita miaka 40 aanzishiwe, bila kungoja LDL ipande. Kwa wengine uamuzi hutokana na jumla ya hatari: umri, presha, sigara, sukari. Dawa hii ni ya kila siku na ya muda mrefu. Anayeimeza mwezi mmoja, akapimwa, akaona namba zimeshuka, akaacha, amerudi alikoanzia. Maumivu ya misuli yakitokea mwambie daktari, usiache kimyakimya. Mjamzito au anayetafuta mimba aseme mapema.

Wanaoishi na virusi vya UKIMWI wana uvimbe wa kudumu hata dawa zao zikifanya kazi vizuri. Utafiti wa REPRIEVE wa mwaka wa 2023, ambao Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zake, uliwapa pitavastatini na kupunguza matukio makubwa ya moyo kwa takriban asilimia 35. Kama uko kwenye ARV, uliza kliniki yako kuhusu statini. Usijinunulie dukani, kwa sababu simvastatini haichanganywi na baadhi ya ARV.

Dawa zilizobuniwa kupandisha HDL zimejaribiwa mara kadhaa na nyingi hazikuokoa moyo wa mtu. Anayekuuzia unga wa kusafisha mishipa stendi ya magari hana jipya.

Dharura

Kifua kikibanwa au kulemewa zaidi ya dakika kumi, maumivu yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya, pamoja na jasho baridi au kukosa pumzi, hizo si gesi wala vidonda vya tumbo mpaka daktari aseme hivyo. Kwa wanawake na wenye kisukari huenda kukawa na uchovu mzito na kichefuchefu tu. Usipande bodaboda, tafuta gari au ambulensi uende hospitali kubwa iliyo karibu. Aspirini ya miligramu 300 itafunwe ikiwa mtu hana mzio nayo na havuji damu. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi: usimpe aspirini, angalia saa na umweleze daktari dalili zilianza lini.

Kazini na SHA

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiyeajiriwa hulipa kulingana na kipato, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi. Huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa na mfuko wa huduma za msingi kwa aliyesajiliwa. Jisajili kabla hujaugua, na kabla ya kutolewa damu uliza ni kipimo gani utalipia mfukoni.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Omba cheti hicho siku hiyohiyo ya kliniki, maana kukirudia baadaye ni nauli nyingine. Nunua daftari moja, andika humo kiuno, presha na ile namba ya kutoa kwa tarehe zake, bana karatasi za maabara kwa pini, na ulibebe kila unapokwenda, hata ukipelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kakamega au Eldoret.